Silvana Yuko Zuhali

Sumbawanga,
18 Agosti 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua Redempta ndiye anayekusomea, kwa hiyo namwomba asome polepole na asiruke mistari.

Pasaka nilisema nakuja, sikuja. Nikasema Juni shule ikifunga, sikuja. Safari hii sisemi nakuja. Nakwenda likizo, Baba, na nakwenda mbali: kwenye mwezi mkubwa wa sayari ya Zuhali. Wewe mwenyewe ulisikia redioni kwamba matajiri siku hizi wanalipia kupaa juu ya anga na kurudi. Hao wanafika mlangoni tu. Mimi naingia ndani.

Tumeondoka asubuhi, abiria kumi na wawili. Chombo ni kirefu kuliko mnara wa kanisa letu, na ndani kumebana kama ghala baada ya mavuno. Nilipewa kiti cha dirishani. Nilitaka kuiona Ufipa kwa juu, nikaiona kwa muda wa kumeza mate: nyasi za kahawia, ntumba za mashamba, matuta yetu ya duara, zimejipanga kama vipele kwenye ngozi ya mtu aliyepigwa na baridi, Ziwa Rukwa upande mmoja, Tanganyika upande wa pili, kisha hakuna kitu.

Huko nje hakuna hewa. Unapenda nikueleze mambo sawasawa, basi nakueleza: sauti inahitaji kitu cha kupitia, na pale hakuna. Mtu anaweza kusimama mlangoni akakuita kwa nguvu zake zote, nawe umempa mgongo hatua kumi tu, na usisikie. Si kosa la anayeita wala la anayeitwa. Ndivyo palivyo.

Kwa vyombo vya wengine safari hii ni miaka saba. Chetu ni cha wiki tatu. Chakula tunakamua kwenye mirija kama dawa ya meno. Uji wa ulezi hawana. Nimeuliza.

Nitakuandikia nikifika.

Mwanao,
Silvana


Mwazye,
25 Agosti 2024

Silvana,

Barua yako Vicent, konda wa basi, aliileta Jumatano, imekunjwa ndani ya daftari lake la mizigo. Nimemsomea Baba mara tatu, kwa sababu aliomba mara tatu.

Sasa nisikilize. Simu yako nimeifungia tangu Pasaka na sitaifungulia, kwa hiyo utanisoma. Nimepata nafasi chuo cha uuguzi Mbeya. Kuripoti ni Jumatatu, tarehe 11 Novemba. Asiyeripoti, nafasi yake anapewa mwingine; wameliandika hilo kwa herufi nene. Nina miaka ishirini na mbili. Tangu Januari, Baba alipoanguka kwa kiharusi, mimi ndiye mkono wake wa kushoto na mguu wake wa kushoto, na tangu mtoto wa jicho aanze kumfunika, mimi ndiye macho. Namgeuza alfajiri, namgeuza saa nne, namgeuza mchana. Wewe ni mkubwa. Mama hayupo. Hakuna mtu wa tatu katika nyumba hii. Uwe umefika kabla ya tarehe 9.

Badala yake unampeleka Zuhali. Unajua amefanya nini? Jumamosi jumuiya ilisali kwetu. Mama Bertila akauliza kama kuna nia za kuombea. Baba akainua mkono wake mzima.

“Naomba mumwombee binti yangu mkubwa. Yuko safarini Zuhali.”

“Zuhali ni wilaya gani, baba?”

“Si wilaya. Ni juu.”

Wakaanza rozari. Matendo yote matano, Silvana. Watu kumi na tisa wamepiga magoti kwenye sakafu niliyoifagia mwenyewe, wanaomba chombo chako kisipate pancha.

Umemchukua mtu mgonjwa ukamfanya kichekesho. Acha. Andika lini unakuja.

Redempta


Sumbawanga,
8 Septemba 2024

Redempta,

Umeniandikia bila shikamoo na bila dada. Nimeona. Ulitaka nione.

Hongera ya chuo. Nasema kweli, ingawa najua utaisoma kwa sauti yako ya kubeza. Lakini tarehe 11 Novemba ndiyo siku wanafunzi wangu wa kidato cha nne wanaanza mtihani wa taifa, na mwalimu wa fizikia katika shule hii ni mimi peke yangu. Nikiondoka tarehe 8, mwenye shule ataweka mtu mwingine tarehe 9. Waombe wakusogezee mpaka mwakani. Vyuo husogeza.

Kuhusu kichekesho: umesahau nani alituanzisha. Mama alipofariki ulikuwa na miaka sita na ulikuwa hulali. Baba alitukalisha jikoni akasema, “Haya, leo tunatembelea wapi?” Tulikwenda Roma. Tulikwenda chini ya ziwa tukakuta soko. Wewe kila ilipofika zamu yako ulichagua ndani ya tumbo la ng'ombe. Leo miguu yake haimfikishi hata uani, mimi nampeleka Zuhali, na wewe unasema namcheka.

Unamgeuza mwili, sawa. Na kichwa nacho kinahitaji mtu wa kukigeuza.

Ndani ya bahasha kuna barua yake ya pili. Tumefika. Anga ni la rangi ya chungwa mchana kutwa. Hewa ya kule ni nzito na mtu ni mwepesi, kwa hiyo wageni wanapewa mabawa ya turubai wakaruka juu ya maziwa ambayo si ya maji. Msomee yote, hasa pale ninaporuka.

Dada yako,
Silvana


Mwazye,
6 Oktoba 2024

Silvana,

Ya pili nilimsomea. Ya tatu pia, ile ya hoteli ya vioo. Hoteli yako ina vitanda mia mbili na hakuna mtu hata mmoja anayevitandika. Nilitafuta, kurasa nane. Shuka zinabadilika, chakula kinatokea, maji ya moto yapo. Nani amechota?

Ya nne sijaifungua. Iko chini ya godoro langu. Nilikaa mbele ya Baba na bahasha yako mkononi, nikatoa daftari langu, nikasoma ya kwangu. Kutunga hujui peke yako.

Katika barua yangu Silvana anaruka juu ya ziwa lile na anatazama kivuli chake kwa mapenzi. Kamba ya bawa la kushoto inalegea. Ufukweni kuna mfanyakazi wa hoteli, msichana. Anaiona kamba, anapunga mikono. Lakini Silvana hajawahi kumtazama msichana huyo tangu afike, na hamtazami sasa. Anaanguka. Ziwa lile ni la baridi kuliko kitu chochote tunachokijua, umetuambia mwenyewe. Hawakumtoa. Wageni wengine wakaendelea na likizo.

Nilikuua Alhamisi saa kumi jioni, Baba akinywa uji. Hakumwaga hata tone. Alimaliza kikombe. Kisha akauliza, “Msichana huyo anaitwa nani?” Nikasema barua haikutaja. Akasema, “Basi.”

Tangu siku hiyo haulizi barua zako, kwa hiyo usilete nyingine. Ukitaka kufufuka, njia ni moja na inapita Matai. Zimebaki wiki tano.

Redempta


Sumbawanga,
13 Oktoba 2024

Redempta,

Nilifungua barua yako darasani, wanafunzi wakifanya jaribio, ikabidi nitoke nje.

Una roho mbaya. Umemwambia mgonjwa wa kiharusi kwamba mwanae amekufa, ili upate kwenda unakotaka. Ndiyo, Mbeya ndiyo Zuhali yako, na ili ufike lazima mtu afe. Na kama moyo wake ungesimama palepale, na kikombe mkononi? Ungeandika nini kwenye daftari lako?

Kaa naye leo umwambie ulitunga. Mwambie niko hai, niko Sumbawanga, chumbani kwangu nyuma ya soko la mazao, nasahihisha madaftari. Kwa maneno hayo hayo.

Na unijibu jambo moja bila kunichoma. Siku ile ya Januari alipoanguka njiani, mimi nilikuwa nimekwisha kuondoka na bodaboda. Amewahi kukuambia alikuwa anafanya nini pale njiani? Amewahi kusema kwamba alikuwa anaita? Usimwulize. Niambie tu kama amewahi kusema.

Silvana


Mwazye,
3 Novemba 2024

Silvana,

Nilimwambia jioni ile ile barua yako ilipofika. “Baba, Silvana hajafa. Nilitunga. Yuko Sumbawanga.” Akasema, “Nimekusikia.” Nikadhani yamekwisha.

Jana ilikuwa Siku ya Marehemu Wote. Utaratibu unaujua: kila nyumba inapeleka majina yake kwa katekista, yanasomwa mbele kabla ya misa, halafu karatasi inabandikwa mlangoni mwa kanisa Novemba nzima. Ya kwetu huwa naandika mimi: babu, bibi, Mama. Mwaka huu Baba alitaka kuandikisha mwenyewe. Katekista Maximilian alikuja nyumbani, wakafunga mlango, sikuhoji. Jana tukampeleka Baba kanisani kwa mkokoteni wa ng'ombe wa Mama Bertila.

Maximilian akasoma: “Marehemu Josefina Nestory. Marehemu Silvana Nestory.”

Moja baada ya jingine, Mama na wewe, kwa sauti ile ile. Kanisa zima likageuka. Mama Bertila akashika kichwa: “Jamani! Chombo kimeanguka!” Wanawake watatu wakaanza kulia palepale. Nikamtazama Baba. Alikuwa anatazama mbele, ametulia kama mtu aliyetua mzigo.

Ilipofika saa tisa ua wetu ulikuwa umejaa watu, unga na kuni. Nimewarudisha mmoja mmoja. Mama Bertila akaniuliza, “Sasa kuni zangu nizirudishe nyumbani au nizichome hapa hapa kwa hasira?” Wapo wanaosema tumewafanya wajinga. Wapo wasioniamini mimi, wanaamini orodha.

Uliniuliza kama amewahi kusema alikuwa anaita. Hajawahi. Ila sasa nataka kujua kwa nini uliuliza.

Jumamosi naondoka, uwepo usiwepo.

Redempta


Mwazye,
4 Novemba 2024

Silvana,

Mwandiko huu ni wa Maximilian, maneno ni yangu. Redempta yuko shambani, hajui.

Nimepooza upande mmoja wa mwili. Akili sikupooza. Mshahara wa mwalimu haumfikishi mtu Zuhali. Nilijua tangu barua ya kwanza. Ulipokufa ziwani nilijua pia nani ameandika, kwa maana katika barua zako hajawahi kuwamo mfanyakazi.

Jumuiya niliwaambia uko Zuhali kwa sababu ni rahisi. Mtu akikuuliza binti yako yuko wapi, ukamjibu Zuhali, anaelewa kwamba ni mbali. Ukimjibu Sumbawanga, anaanza kuhesabu mabasi.

Jina lako nililitoa mimi. Maximilian alikataa. Nikamkumbusha kwamba katekista wa hapa kabla yake nilikuwa mimi, na kwamba hata yeye nilimfundisha kufanya ishara ya msalaba.

(Naandika haya kwa kulazimishwa. Padri ameshaniita. Maximilian.)

Nakwambia kwa nini nililitoa. Uliandika kwamba mtu aweza kuitwa akiwa hatua kumi asisikie, na kwamba si kosa la yeyote. Nilimrudisha Redempta kwenye sentensi hiyo mara tatu. Mwazye kuna hewa, Silvana. Siku ile tulipogombana ukachukua begi, nilikufuata hadi njiani. Nikakuita mara tatu. Mara ya tatu uligeuka, ukaniona nimeshika mti wa uzio, kisha ukampiga dereva begani aondoke. Macho yangu wakati ule yalikuwa yanaona. Sijamwambia mtu. Redempta anadhani nilitoka kufunga ng'ombe.

Sikukuita ili tuendelee kugombana. Mkono ulikuwa umekufa ganzi, sikujua ni kitu gani, nikataka mtu anishike.

Nilitaka usikie jina lako likiitwa mahali ambapo huwezi kuitika. Umesikia.

Redempta ataondoka Jumamosi. Nimemwambia asipoondoka sitakula. Wewe sikuiti. Nimeshaita.

Nestory


Mwazye,
14 Novemba 2024

Redempta,

Jumamosi ulipanda basi lile lile nililoshuka. Hukunipa hata mkono. Ulinipa ufunguo ukasema, “Dawa ya asubuhi ni kabla ya uji, si baada.” Basi, sasa nakuambia ya kwangu.

Uliuliza kwa nini niliuliza. Aliniita siku ile mara tatu. Niligeuka, nikamwona ameshika uzio, nikadhani anataka kunimalizia matusi, nikamwambia dereva twende. Habari kwamba ameanguka nilizipata nikiwa Matai, nikala wali wangu mpaka mwisho kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono. Halafu nikaendelea na safari. Hilo la wali hata Baba halijui.

Mwenye shule ameshaweka mtu mwingine. Alinitumia ujumbe Jumapili. Sikuambii ili unihurumie.

Baba hazungumzi nami. Ananipa amri: maji, upande, dirisha. Siku ya kwanza nilimgeuza vibaya akapiga kelele, nami nikapiga kelele. Siku ya pili akanionyesha kwa kidole, bila neno, mahali pa kuweka goti. Jana nikiwa nimemshika kwapani, mahali ambapo kati yetu hakuna aliyeweza kuondoka, nikasema, “Baba, nilisikia.”

Akasema, “Najua. Nikalishe vizuri.”

Ndiyo yote. Njia nzima kutoka Sumbawanga nilikuwa nimejiandaa kutukanwa au kusamehewa, nikaandaa na majibu ya kila kimoja. Sijapata pa kuyaweka.

Kijijini naitwa Marehemu. “Marehemu, umeamkaje?” anasema Mama Bertila kisimani. “Huko juu kuna baridi kama hapa?” Wajukuu zake wananikimbia kweli kweli. Nilikwenda kwa Maximilian kumwomba afute jina langu mlangoni. Akasema, “Dada, orodha imeshapigwa muhuri wa parokia. Vumilia mpaka tarehe thelathini.”

Usifikiri nimekuja kwa ajili yako. Bahasha iliyokuwa chini ya godoro lako nimeikuta, nimewashia moto. Lakini kila inapofika saa ya basi Baba anageuza uso mlangoni na kuuliza, “Redempta?” Andika. Mwambie unakula nini, unalala na nani chumbani. Mambo ya kutunga hataki tena, na mimi sina mengine.

Silvana


Mbeya,
24 Novemba 2024

Dada Silvana,

Shikamoo. Hiyo ni kwa sababu nina shida na wewe, usijidanganye.

Jumatano tulijifunza kumgeuza mgonjwa kitandani. Mkufunzi akauliza nani amewahi kufanya. Katika watu sitini niliinua mkono peke yangu. Akaniita mbele. Wana mdoli mkubwa wa plastiki, mzito kama mtu mzima, macho hayafumbi. Nikaweka goti, nikapitisha mkono chini ya mgongo, na kabla sijajitambua nikawa nazungumza naye Kifipa, maneno yale ninayomwambia Baba kila alfajiri, ya kumbembeleza asijikaze. Darasa zima likaangua kicheko. Mkufunzi hakucheka. Akasema, “Acheni mdomo wake, tazameni mikono yake.” Nikamwacha mdoli amelala ubavu, nikatoka, na siku hiyo sikurudi.

Sasa wananiita Mama Mdoli. Tunalala wanane chumbani, na saba kati yao wanajuana tangu sekondari. Alfajiri, saa ile ya kumgeuza Baba, naamka mwenyewe, nakaa kitandani na mikono mitupu.

Begi nimelifunga mara mbili. Mara ya pili nilifika stendi. Basi la Sumbawanga lilikuwa linaita abiria, nikakaa kwenye benchi nikalitazama mpaka likaondoka. Sijui mara ya tatu nitafanyaje.

Ya Januari sijakusamehe. Na wali ule wa Matai usingeniambia. Sasa ninao kichwani kila nikikaa kula. Lile la kuita njiani Baba alikuwa na miezi kumi ya kunyamaza nalo. Mimi nimelijua juzi. Niache nichukue muda wangu.

Shida yangu ni hii. Nimekaa siku tatu na karatasi ya Baba na haiandikiki. Nikimwandikia ukweli huu atasema nirudi. Akisema nirudi nitarudi, Silvana, najijua, nitapanda basi siku hiyo hiyo, na kitandani kwangu hapa atalala mtu mwingine. Kwa hiyo hii usimsomee. Mwandikie wewe kwa jina langu. Atatambua kwamba si mimi, maana anatambua kila kitu, lakini wewe msomee hivyo hivyo, kwa sauti, ukiwa umekaa pale ninapokaa. Mwambie nimenenepa. Mwambie chuo kina ghorofa tatu, chumba changu kiko juu kabisa, na asubuhi nikifungua dirisha naona milima yote mpaka upande wa kwetu.

Chuo hakina ghorofa.

Redempta